Barua ya wazi: Pimeni tope la mikoko, maji peke yake hayatoshi

Kwa Mawaziri wenye dhamana ya madini, mazingira na maji. Tume ya Madini. Na Bodi za Maji za Mabonde ya Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, na Ruvuma na Pwani ya Kusini.

Waheshimiwa,

Karatasi ya vipimo inayofika mezani kwenu kutoka kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu mara nyingi ni ya maji, na kwenye safu ya zebaki huandikwa neno moja: haikuonekana. Neno hilo ni la kweli, ila halina msaada wowote kwa anayetakiwa kuamua.

Zebaki ikishaingia mtoni haielei ikisubiri chupa ya mpimaji. Hujibandika kwenye chembe za mfinyanzi na kwenye kutu ya chuma, kiasi kwamba kilo moja ya tope hushika kama mara laki moja ya kile kinachobaki kwenye lita moja ya maji. Tufanye hesabu. Tope lenye miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo ni tope chafu, na maji yaliyo juu yake yatakuwa na kama nanogramu 5 kwa lita. Mashine isiyoona chini ya mikrogramu 1 kwa lita, yaani nanogramu 1,000, itasubiri maji hayo yachafuke mara 200 ndipo ishtuke. Mpimaji hakudanganya. Alitumwa kutafuta pasipo na kitu.

Tunaoandika ni watu wa maabara, wa uchenjuaji na wa ikolojia ya pwani. Ombi letu ni kwamba kibali chochote cha uchenjuaji kwenye mito inayoishia Bahari ya Hindi kifungwe na kipimo cha tope la mdomo wa mto huo, kabla mtambo haujawashwa na kila mwaka baada ya hapo.

Mtu anaweza kuuliza pwani inaingiaje hapa, wakati dhahabu inayosikika ni ya Geita na Chunya. Ni kweli, maji ya Geita huingia Ziwa Victoria na ya Chunya huishia Ziwa Rukwa lisilo na njia ya kutokea. Lakini dhahabu ya Handeni na Kilindi iko kwenye miteremko inayomwaga maji baharini. Shaba ya Mbesa, Tunduru, iko bonde la Ruvuma. Urani ya Mkuju iko upande wa Luwegu, na Luwegu ukikutana na Kilombero ndipo Rufiji unapozaliwa. Wachimbaji waliowahi kuvamia Sakale, Usambara ya Mashariki, walikuwa juu ya vyanzo vya mto Zigi, mto ule ule unaowanywesha watu wa Tanga. Na umbali si kinga. Tarehe 5 Novemba 2015 bwawa la mabaki ya madini ya chuma lilipasuka Mariana, Brazili. Tope lilishuka mto Doce zaidi ya kilomita 600, na wiki mbili na kitu baadaye likawa ndani ya Atlantiki.

Kinachotutia hofu zaidi kwenye mabonde haya ni rundo la marudio kuliko bwawa la mgodi mkubwa. Bwawa lina mhandisi, lina ramani, lina mtu wa kuulizwa. Rundo la marudio ni mchanga uliosagwa, ukaoshwa, ukapitishiwa zebaki, ukaachwa ukingoni mwa mwalo, yaani mahali pa kuoshea, hadi mvua ije. Mchimbaji anayekamata dhahabu kwenye mchanga uliokwisha kupunguzwa, yaani uliooshwa hadi ikabaki sehemu nzito yenye dhahabu, hupoteza takriban kilo 1.3 za zebaki kwa kila kilo ya dhahabu. Kilo 1 hupaa wakati wa kuchoma, kwa kuwa donge la dhahabu iliyoshikwa na zebaki huwa karibu nusu dhahabu nusu zebaki; gramu 300 hubaki kwenye marudio. Anayemwaga zebaki kwenye mzigo mzima bila kuupunguza kwanza anaweza kufika kilo 5 na kupita, na ile ya ziada karibu yote huondoka na mchanga. Kifaa cha kunasa mvuke, kinachopigiwa debe kwenye kila semina, huokoa ile inayopaa tu. Ni kizuri kwa mapafu ya mchomaji na watoto wake, na tunaomba kiendelee kusambazwa, ila kwa zebaki iliyokwisha kuingia kwenye marudio hakisaidii kitu.

Kisha marudio yanauzwa. Mwenye vati la sianidi, tangi la kuyeyushia dhahabu kwa sianidi, anayanunua kwa sababu bado yana dhahabu ambayo zebaki haikuishika, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Sianidi haichagui. Inayeyusha dhahabu, inayeyusha na zebaki pia, na kuigeuza kiwanja kinachosafiri na maji. Zebaki iliyokuwa imelala chini kama shanga sasa inapenya kwenye nyufa za vati; nyingine inanaswa na mkaa pamoja na dhahabu, na mkaa huo ukipashwa moto ili utumike tena, zebaki inapaa mjini, mbali kabisa na mwalo ilikotoka. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017 na ambao Tanzania iliuridhia 2020, unataja matendo manne ya kukomeshwa kwa wachimbaji wadogo: kumwaga zebaki kwenye mzigo mzima, kuchoma donge hadharani, kuchomea kwenye makazi ya watu, na kutia sianidi kwenye marudio yenye zebaki bila kuiondoa kwanza. Matatu ya kwanza yanasemwa sana redioni. La nne halisikiki, nalo ndilo linaloipa zebaki miguu ya kufika mikokoni.

Tume ya Madini inaweza kulikata kwa sharti moja: lori la marudio lisishushe mzigo kwenye vati bila karatasi ya zebaki. Kazi yenyewe si kubwa. Chota vijiko 30 kutoka pande zote za rundo na kutoka ndani, si juu tu ambako jua limekwisha kukausha na upepo kupeperusha. Changanya kwenye turubai, gawa sehemu nne, tupa robo mbili zinazotazamana, rudia hadi ibaki nusu kilo. Sampuli ikaushwe kivulini au kwenye joto lisilozidi nyuzi 40, kwa sababu ukiitia kwenye oveni ya nyuzi 105 kama ya kupima unyevu, sehemu ya zebaki itaondoka na mvuke na karatasi itatoka safi. Msiikubali bunduki ya XRF, kifaa cha mkononi kinachopima madini kwa eksirei, kwa kazi hii. Chini ya takriban miligramu 10 kwa kilo haioni zebaki, na mchanga mbichi huishushia hesabu zaidi. Inafaa kutambua rundo bovu kabisa, haifai kulisafisha rundo jina. Kiwango cha kukatalia mpange ninyi. Sisi tungeanza na miligramu 1 kwa kilo.

Sasa pwani. Maji baridi ya mto yanapogusa chumvi, chembe za mfinyanzi ambazo zilikuwa zinasukumana huanza kushikana, zinakuwa nzito, zinazama. Mikoko hukamilisha kazi: mizizi hupunguza mwendo wa maji, na kila maji yakijaa na kupwa huachwa utando mwembamba. Ndiyo maana tope la ndani ya vijito, nyuma ya miti ya mchu na mkoko, huwa na madini mazito kuliko mchanga wa ufukwe ulio mita 200 kutoka hapo. Chini ya sentimita chache tope hilo halina oksijeni. Salfaidi, yaani salfa ya kwenye tope hilo, huishika risasi, shaba, zinki na kadimiamu na kuzifungia humo. Hiyo ni nafuu. Zebaki ndiyo yenye tabia ya pekee, kwa sababu bakteria wanaopumua salfeti, ambayo maji ya bahari yanayo kwa wingi, huigeuza kuwa methilizebaki, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye nyama ya kamba na samaki na haitoki kwa kupika wala kukaanga.

Delta ya Rufiji, yenye hekta zipatazo 53,000 za mikoko, ina jambo lake jipya. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na bwawa la ukubwa ule linazuia sehemu kubwa ya tope la juu lisifike delta. Msifurahi mapema. Ardhi yenye majani na miti inapofunikwa maji, bakteria hupata chakula kingi na methilizebaki huongezeka kwa miaka kadhaa, hata pale ambapo hakuna mgodi. Imeonekana kwenye mabwawa ya Kanada na kwingine. Bodi ya Rufiji inapaswa kupima tope kwenye mkia wa bwawa, pale mto unapoingilia, na nyama ya samaki wanaokula wenzao ndani ya bwawa lenyewe. Mkipima delta peke yake mtaona hali inakuwa njema, kumbe mzigo umesimama njiani.

Namna ya kupima tope ndiyo inayoamua kama fedha zitapotea au la, kwa hiyo mtuvumilie hapa.

Kwa kila mto chagueni vituo 5: juu ya mtambo, chini yake, mahali maji ya bahari yanapokoma kupanda, ndani ya kijito cha mikoko, na mdomoni. Kwa mito yote pamoja ongezeni kijito kimoja cha jirani kisicho na uchimbaji juu yake, nacho kiwe na vituo 5 vile vile kwenye maji ya kufanana. Nendeni mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi kabla ya masika na tena mvua zikishapungua, siku za bamvua maji yakiwa yamepwa kabisa. Tukichukua mito 5 na kijito 1 cha kulinganishia, vituo 5 kila kimoja, misimu 2: sampuli 60 kwa mwaka. Kwa kila sampuli 20 maabara iongeze sampuli rejea yenye cheti, ambayo kiwango chake kinajulikana, chupa tupu ya kudhibiti, na irudie kupima sampuli mbili. Jumla 72. Maabara ikikwepa zile 12 kwa sababu ya gharama, zile 60 nazo hazina thamani.

Tope la juu, sentimita 2 za kwanza, lichotwe kwa kijiko cha plastiki sehemu tano ndani ya duara la mita chache na kuchanganywa. Vyombo vyote viwe vimelala kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 usiku kucha na kusuuzwa kwa maji yaliyoondolewa madini. Si maji ya bomba, wala ya chupa ya dukani. Pamoja na hilo, kila mdomo wa mto upate nguzo moja ya tope kwa bomba la PVC la milimita 75, urefu wa mita moja: likandamizwe wima, lizibwe juu ndipo livutwe. Kabla ya kulivuta pimeni kina cha tope nje ya bomba na ndani. Tofauti ikizidi asilimia 10, tope limebanana. Tupeni mchukue jingine. Msitoboe penye mashimo ya kaa. Kaa wa mikoko hulima tope hadi nusu mita na zaidi, na nguzo iliyochukuliwa hapo itawapa leo na miaka 50 iliyopita kwenye kipande kimoja. Nguzo nzuri hukatwa kila sentimita 2, na vipande vya chini, vilivyotangulia mtambo, vinawaambia hali ya asili ya kijito hicho hicho. Mwenye mgodi akisema madini hayo yalikuwepo tangu enzi na enzi, nguzo itamuunga mkono au itamkana.

Na wakati mwingine itamuunga mkono. Pwani yetu ina mchanga mweusi wenye titani na kromiamu ya asili, hakuna aliyeumwaga. Ina pia mchanga wa matumbawe, ambao ni chokaa tupu na huzimua kila kitu, hivyo tope lililochafuka linaweza kuonekana safi. Kwa hiyo chekecheni tope kwa chujio la nailoni la mikromita 63, pimeni chembe ndogo peke yake, na kila namba igawanywe kwa alumini iliyomo kwenye sampuli ile ile. Uwiano huo ukiwa mara mbili ya ule wa chini ya nguzo au wa kijito safi, kuna jambo la kuuliza. Ripoti isiyo na alumini irudishwe ilikotoka.

Kwa kulinganisha, miongozo ya Kanada ya tope la bahari inafaa kuanzia. Zebaki: chini ya miligramu 0.13 kwa kilo kavu madhara ni nadra, juu ya 0.70 yanatarajiwa. Risasi 30.2 na 112. Shaba 18.7 na 108. Kadimiamu 0.7 na 4.2. Aseniki 7.24 na 41.6. Ni miongozo ya bahari ya baridi na wadudu wa kwao, kwa hiyo isiwe sheria, iwe kengele.

Maji yenyewe tusiyaache kabisa, lakini kuna makosa yanayojirudia. La kwanza ni kutia asidi kabla ya kuchuja: asidi inavua madini kwenye chembe, kisha namba inaandikwa kama iliyoyeyuka. Chujeni kwanza kwa mikromita 0.45, asidi baadaye. La pili ni aseniki ya uongo. Kwenye mashine ya ICP-MS, inayotambua madini kwa uzito wa atomu, gesi ya agoni ya moto wake huungana na klorini ya chumvi, uzito wa 40 na 35, ikawa 75, uzito ule ule wa aseniki. Maji ya bahari yaliyopimwa bila kurekebisha jambo hilo yatatoa aseniki ya kutisha ambayo haipo. La tatu ni karatasi isiyoandika mashine inaona kuanzia wapi. Neno «haikuonekana» bila namba hiyo msilipokee.

Kwa viumbe, chaza wa mikoko ndiye mpimaji wenu wa bei nafuu. Amekaa mahali pamoja, anachuja maji usiku na mchana. Chukueni 25 wa ukubwa unaolingana, waacheni saa 24 kwenye maji safi ya bahari wateme tope la tumboni, wafungueni kwa kisu kisichotoa chuma, changanyeni nyama. Hapa kosa ni la karatasi: maabara moja inaandika kwa nyama mbichi, nyingine kwa nyama kavu. Chaza ni maji kama asilimia 80, hivyo namba ya kavu huwa kubwa mara tano. Gazeti likichanganya hizo mbili, soko la kina mama wanaookota chaza linakufa kwa wiki moja bila sababu. Aseniki pia: kwenye samaki na chaza nyingi ni ya aina isiyodhuru, hivyo dai kipimo cha ile isiyo ya kaboni, jumla yake haisemi kitu.

Kwa zebaki, pimeni minofu ya wale walao wenzao, hongwe, chewa na papa, pamoja na urefu na uzito wa kila mmoja, kwa sababu samaki mkubwa kwa kawaida huwa na zaidi. Namba igeuzwe iwe chakula ndipo itangazwe. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, wameweka kikomo cha mikrogramu 1.6 za methilizebaki kwa kilo ya mwili kwa wiki. Mama wa kilo 60 anapata 96. Samaki mwenye miligramu 0.5 kwa kilo anamfikisha hapo kwa gramu 192, hata robo kilo haijatimia. Huyo mama wa Kibiti au Pangani anakula samaki kila siku. Akiwa mjamzito, anayeathirika ni ubongo wa mtoto. Asiambiwe aache samaki, kwa sababu hana mbadala wa bei hiyo. Aambiwe dagaa na vibua wana kidogo, papa ana kingi.

Namba zikitoka mbaya, jambo la kwanza ni kutokuchimbua. Tutaandika tena: msichimbue. Tope lililokaa bila oksijeni limeshika risasi na kadimiamu kwa salfaidi; likiinuliwa na kuachwa juani, salfaidi inageuka asidi na kila kilichofungiwa kinatoka. Kukata mikoko kwa ajili ya mashamba ya chumvi au kamba kunafanya vile vile polepole. Ziba chanzo juu, acha mikoko ifukie. Pale Chañaral, Chile, mabaki ya shaba yalimwagwa ghubani kuanzia 1938, zaidi ya tani milioni 200, ufuo ukasogea baharini karibu kilomita nzima. Mahakama ya Juu Kabisa ya nchi hiyo iliamuru yasitishwe 1988, yakakoma 1990. Portmán, Hispania, ghuba lilijazwa kuanzia 1957 hadi 1990 hadi bandari ikawa nchi kavu. Kote umwagaji ulikoma, lakini mabaki yalibaki. Kwa sababu hiyo dhamana ya fedha ya kufungia mtambo ichukuliwe kabla ya kibali, na mitambo midogo ya vati isisamehewe. Ndiyo inayohama usiku.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 tayari inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Bodi za mabonde zinaweza kuanza na hilo hata kabla ya maabara: orodha ya marundo ya marudio yaliyo ndani ya mita 60, yenye alama za GPS, makadirio ya tani, na jina la mwenye leseni. Picha za satelaiti za bure zinaweza kusaidia kuyatafuta marundo makubwa.

Matokeo yatolewe yote, sampuli kwa sampuli, pamoja na kikomo cha mashine na matokeo ya sampuli rejea, mahali ambapo mwalimu wa Rufiji na mwenye mgodi wataona karatasi moja. Tuko tayari kuwafundisha wachukua sampuli wa bodi zote nne bila malipo. Siku tatu zinatosha, mbili kati yake zikiwa ndani ya tope. Nguzo za kwanza zichukuliwe bamvua za Februari, masika hayajashusha mzigo mwingine.

Wenu katika kazi,
Wataalamu wa maabara, uchenjuaji na ikolojia ya pwani